Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Ujiji, Kigoma

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazifahamu: tuliwajulia hali wagonjwa, tulishiriki misiba, tulifanya usafi wa mtaa, na vikao vinne viliitishwa, ingawa viwili viliahirishwa kwa kukosa akidi.

Naomba nieleze kwa kirefu suala la kusimamishwa kwa ujenzi wa choo cha wazee na watu wenye ulemavu, kwa kuwa maneno yamekuwa mengi. Ni kweli kwamba mimi ndiye niliyemwamuru fundi aweke mwiko chini, na ni kweli kwamba wiki tano zilipita na shilingi 640,000 zikatumika kwa nauli, chakula na mkalimani wa lugha ya alama kwa ajili ya watumiaji wa choo hicho tuliowaalika waje kuipima ramani. Baadhi yenu mmesema fedha hizo zimeliwa na watu wasiolipa ada. Watu hao ndio wenye choo. Ramani tuliichora sisi tunaotembea kwa miguu yetu, bila kumuuliza hata mmoja wao. Nilipoagiza vipimo vichorwe ardhini kwa chokaa, mama mmoja aliingia na kiti mwendo chake akashindwa kugeuka, kwa sababu panahitajika mduara wa sentimita 150 na sisi tulikuwa tumeacha 110. Katika ramani, sakafu iliinuliwa sentimita 45 na kuwekewa mteremko wenye urefu wa mita 2, wakati kwa uwiano wa 1 kwa 12 (kila sentimita 1 ya kupanda ina sentimita 12 za urefu) mteremko huo haupaswi kupungua mita 5.4. Binti mmoja kiziwi aliuliza atajuaje kwamba mlango unagongwa akiwa ndani; sasa komeo litakuwa na alama nyekundu upande wa nje, ya kuonyesha kwamba kuna mtu ndani. Kama zege lingekuwa limemwagwa, tungelibomoa kwa gharama kubwa zaidi.

Aidha, ibara ya 4(3) ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, inataka watu hao washirikishwe kwa karibu katika maamuzi yanayowahusu. Uamuzi wangu ningeurudia hata leo.

Kinachonisikitisha ni kwamba kati ya wanachama 86, waliolipa ada ni 31, na deni la mwaka limefikia shilingi 1,320,000. Waliolalamika zaidi kuhusu nauli hizo wamo katika wale 55. Siku ya kupima ramani walifika wanachama saba tu, ilhali waalikwa wote 12 walifika, mmoja akibebwa mgongoni kutoka Kibirizi.

Mwakani, Mungu akitujalia, tunatarajia kumalizia paa na kuangalia uwezekano wa kuwapa waalikwa hao nafasi mbili katika kamati ya ujenzi.

Mwenyekiti