Paneli zikichoka, nani atazibeba?

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa nishati jadidifu unaoendelea katika safu hii ya barua. Wasomaji wenzangu wamegawanyika. Wapo wanaosema sola na betri ni uchafu uleule uliobadilishwa jina, kwa sababu kobalti, lithiamu na shaba lazima vichimbwe. Wapo wanaowajibu kwamba hilo lisitusumbue, tutarejeleza. Mimi siko upande wowote kati ya hizo mbili, ila hawa wa pili ndio wananipa wasiwasi zaidi.

Wa kwanza nitawajibu kwa kifupi. Ni kweli kobalti nyingi ya dunia inatoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kwamba sehemu ya mzigo huo hutolewa na wachimbaji wadogo wanaoingia mashimoni na sururu na koleo, kwa hatari kubwa. Hakuna sababu ya kulifunika hilo. Lakini makaa ya mawe yanayotumika duniani kwa mwaka ni zaidi ya tani bilioni 8, na yakishaungua yameisha. Mwakani unachimba mengine. Shaba iliyo ndani ya waya, hata ikikaa miaka 30, bado ni shaba na inauzika.

Sasa nije kwa wanaosema tutarejeleza. Tutarejeleza nini? Mwaka 2010 paneli zote za sola duniani hazikufikisha uwezo wa gigawati 50. Mwaka 2022 zilikuwa zimevuka gigawati 1,000. Paneli hudumu miaka 25 hadi 30, kwa hiyo zinazoshushwa leo kwa uzee ni zile chache za zamani, na zile nyingi ziko juu ya mapaa zikifanya kazi, na zitaendelea kuwepo huko hadi miaka ya 2040 na kuendelea. Betri za magari nazo ni hivyohivyo. Huwezi kulisha kiwanda kinachokua kwa kasi hiyo kwa mabaki ya wakati kilipokuwa kichanga. Hata Umoja wa Ulaya, ambao sheria yake ya betri ya mwaka 2023 ni kali kuliko nyingi, unataka betri mpya za magari ziwe na asilimia 6 tu ya lithiamu iliyorejelezwa ifikapo Agosti 2031. Maana yake, hata wakitimiza, kiasi kikubwa cha kilichobaki kitatoka ardhini. Anayeahidi kwamba urejelezaji utafunga migodi katika miaka hii kumi anatupumbaza, na mbaya zaidi anawapa wenye migodi nafasi ya kuendelea na mazoea yao bila kuulizwa.

Kwa hiyo tusubiri hadi miaka ya 2040? Hapana, na hapa ndipo penye hoja yangu. Urejelezaji wa wakati huo unaamuliwa sasa hivi, kiwandani.

Chukua paneli ya kawaida. Fremu ya alumini inatoka kwa urahisi, na alumini ikiyeyushwa upya hula takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kuitengeneza kutoka kwenye madini. Kisha unakutana na kioo, ambacho ni karibu robo tatu ya uzito wote, kimegandishwa na vipande vya silikoni kwa tabaka za plastiki zilizopikwa zikashikana kabisa. Ziliwekwa hivyo ili mvua isipenye, na ni jambo jema. Lakini mrejelezaji wa kawaida hawezi kuzibandua, anasaga kila kitu pamoja. Kioo kinatoka kichafu, cha kumwagwa barabarani kama kokoto, na zile gramu chache za madini ya fedha, ambazo ndizo zenye thamani, zinapotelea humo. Betri nyingi za magari nazo siku hizi seli zake zimemiminiwa gundi, hivyo seli moja ikifa ni vigumu kuitoa na kuokoa nyingine. Unasaga tena.

Kuna na kejeli nyingine. Betri za lithiamu zenye fosfati ya chuma hazina kobalti wala nikeli. Kwa mchimbaji wa kobalti wa Kolwezi, huko Kongo, na kwa dhamiri zetu ni nafuu, ila kwa mrejelezaji ni hasara, maana vile vilivyokuwa vinamlipa gharama havimo. Soko peke yake halitazikusanya.

Na soko likikusanya, si lazima tufurahi. Betri za madini ya risasi, zile zinazofungwa kwenye mifumo mingi midogo ya sola, hurejelezwa kuliko karibu bidhaa nyingine yoyote, kwa sababu risasi ina bei. Huko Thiaroye-sur-Mer, pembeni ya Dakar, Senegali, watu walivunja betri kwa miaka, na bei ilipopanda wakazi wakaanza kuchekecha mchanga wenye risasi na kuupeleka nyumbani kwa magunia. Kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 watoto 18 walifariki, vifo vilivyohusishwa na sumu ya risasi. Huo nao ulikuwa urejelezaji.

Ninachoomba kwa watunga sheria ni kimoja. Kila anayeuza paneli au betri atoe fedha za kuiondoa na kuichakata siku ileile anayoiuza, na anayetengeneza kitu kinachofunguka kwa bisibisi atozwe kidogo kuliko wa gundi. Fedha hizo zikae kwenye mfuko ambao wadai wa muuzaji hawawezi kuugusa akifilisika, maana paneli hudumu miaka 25 na kampuni nyingi za sola hazifiki huko.

Msomaji wenu