Grini kadi ya kazi haiuzwi Mwanga wala Ujiji

Mhariri,

Naomba nafasi niandike kuhusu matangazo ya "kazi Marekani pamoja na grini kadi" yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Kigoma. Yanafanana: kazi ya usafi au kulea wazee, malipo ya awali kwa simu, safari ndani ya miezi mitatu. Anayeijua njia hii huona kasoro mapema, kwa sababu katika viza za kazi zinazompa mtu grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, isipokuwa kwa watu wachache wenye sifa za juu sana, anayeanza ni mwajiri.

Mwajiri aliyeko Marekani huanza kwa kuiomba Idara ya Kazi ya huko imtajie mshahara wa kazi ile katika eneo lile. Kisha anaitangaza: kwa kawaida mara mbili gazetini siku za Jumapili, na siku 30 kwenye wakala wa ajira wa jimbo lake. Akikosa Mmarekani mwenye sifa aliye tayari, ndipo anajaza fomu ETA-9089, ya kuomba kibali cha kumwajiri mgeni. Ikipita, ana siku 180 za kupeleka fomu I-140, ya kumwombea mfanyakazi uhamiaji, kwa USCIS, idara inayoshughulikia uhamiaji, pamoja na hesabu za kuthibitisha kwamba mshahara huo anaumudu. Siku hizo zikipita, kibali kimekufa. Kanuni za mwaka 2007 zinamkataza kumbebesha mfanyakazi gharama za matangazo na za wakili wake katika hatua ya kibali, na zinakataza kibali chenyewe kuuzwa au kununuliwa. Kwa hiyo kishoka anayekudai pesa ya "kibali cha kazi" anadai kitu ambacho hata mwajiri haruhusiwi kukudai.

Halafu kuna foleni. Viza hizi ni kama 140,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, wake, waume na watoto wakihesabiwa humohumo. Kazi zisizohitaji mafunzo ya miaka miwili, ambazo ndizo hutangazwa sana huku, zimewekewa ukomo wa nafasi 10,000. Nafasi yako kwenye foleni ni tarehe ambayo ETA-9089 ilipokelewa, na kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa jedwali la tarehe zilizofikiwa. Kundi hili husubiri miaka. Juu ya hayo, tangazo la Rais wa Marekani la Desemba 2025 liliiingiza Tanzania kwenye nchi zilizowekewa zuio, viza za uhamiaji zikiwemo, kuanzia Januari 1, 2026. Anayekuahidi kuondoka mwezi ujao aulizwe hilo kwanza.

Wauguzi wana njia fupi kidogo: mwajiri wao hasumbuki na matangazo ya gazetini, anapeleka ETA-9089 pamoja na I-140 moja kwa moja USCIS. Lakini muuguzi mwenyewe anatakiwa afaulu NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani, au awe na sifa nyingine inayokubalika badala yake, kisha vyeti vyake vya taaluma na Kiingereza vihakikiwe kabla ya viza kutoka. Astashahada peke yake haimfikishi huko.

Wanaofuata njia halali nao hukwama, na mara nyingi ni kwa karatasi za hapa nyumbani. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinasema Yusufu, cha kidato cha nne Yusuph, NIDA Yusuf, na pasi imefuata NIDA. Kwa ofisa wa viza hao ni watu watatu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Rekebisha kwenye chanzo mapema. Kiapo cha wakili husaidia kueleza tofauti, hakiifuti. Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa ukubwani kisindikizwe na cha ubatizo au rekodi za shule ya msingi. Nalo tunalolisahau sana watu wa ziwani: aliyeishi Bujumbura au Kalemie miezi 12 au zaidi akiwa na miaka 16 kwenda juu atatakiwa kuleta cheti cha polisi cha huko pia, siyo cha Tanzania tu.

Barua ya uzoefu nayo ni tatizo. Zetu nyingi husema "alikuwa mfanyakazi mwaminifu", muhuri, basi. Inayotakiwa itaje cheo, kazi alizofanya hasa, tarehe ya kuanza na kuacha, na kama ilikuwa kazi ya kutwa. Na uzoefu huo uwe umekamilika kabla ETA-9089 haijapelekwa.

Aliyekwishalipa anaweza kujipima leo. Ombi la I-140 lililopokelewa USCIS hupewa namba ya herufi tatu na tarakimu kumi, na mtu yeyote mwenye namba hiyo huangalia hali yake bure kwenye tovuti ya USCIS, ambayo anwani yake huishia na .gov. "Cheti" chenye picha yako ya pasi, nembo ya tai na namba isiyofunguka popote hakikutoka huko.

Kwako Mhariri, ombi ni moja: tangazo la kazi za nje lisipokelewe gazetini bila namba ya leseni ya wakala wa ajira aliyelileta, na namba hiyo ichapishwe ndani ya tangazo lenyewe.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma