Salamu za Tisa Desemba kutoka Dodoma

Mbukwenyi, wazee wetu, ndugu na vijana.

Tunawatakia heri ya Uhuru na Jamhuri. Sikukuu imetukuta na jembe mkononi. Mvua za kwanza zimeshuka, uwele na mtama haviwezi kungoja, na wengi wanapanda mbegu ya kukopa kwa sababu fedha imeishia kwenye unga na mafuta ya kula. Kwa asiye na pilau leo, ugali na mlenda ni sikukuu tosha.

Mnaoandaa mabango na vipindi vya watoto, tunawaomba sana: msiandike "Uhuru wa Tanzania 1961". Iliyopata uhuru siku ile ni Tanganyika. Muungano ulikuja 26 Aprili 1964, na jina la Tanzania miezi kadhaa baadaye. Ukihesabu miaka ya Uhuru, toa 1961. Ya Jamhuri, toa 1962. Kwa kuwa zote ni tarehe 9 Desemba, mabango mengi hukosea mwaka mmoja hapo hapo.

Zanzibar ilipewa uhuru 10 Desemba 1963, lakini kalenda yetu haina siku hiyo. Serikali iliyokabidhiwa ilidumu siku 33 tu. Mapinduzi yakaiondoa, na siku inayoadhimishwa ikawa 12 Januari. Waasisi nao wana sheria yao, ya mwaka 2004, inayowataja Mwalimu Nyerere na Mzee Karume. Wanastahili. Lakini TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, iliasisiwa na watu 17, tarehe 7 Julai 1954. Sisi tunaonunua nyanya soko la Sabasaba, ni wangapi tunaoweza kuwataja watatu tu? Abdulwahid Sykes, Dossa Aziz, John Rupia. Na nje ya hao 17, Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza akina mama chamani. Na Job Lusinde wetu wa hapa Dodoma, waziri katika baraza la kwanza.

Mwaka huu tumemzika mzee aliyekuwa akiwataja wote kwa vidole, bila karatasi. Hatukumrekodi. Inauma.

Basi wazazi, walimu, viongozi wa dini, msingoje tangazo la serikali. Kaeni na mzee mmoja wiki hii, washeni kinasa sauti cha simu. Kwanza atamke jina lake, kijiji na tarehe, maana sauti isiyo na jina haimfai mjukuu. Kisha mumuulize nani pale kijijini alikuwa na kadi ya TANU, na mikutano ilifanyika wapi.

Heri ya Tisa Desemba. Mvua iwe ya kiasi, mbegu ziote.