Barua kutoka Tororo, mvua zimeanza

Tororo, Uganda, mwezi wa Machi

Kwako dada Halima,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Huku hatujambo. Mama goti bado linamsumbua, ila bodaboda haitaki. Sokoni anakwenda kwa miguu na kurudi na habari za mji mzima. Baba watoto yuko Malaba na mizigo yake, kama kawaida.

Ama baada ya salamu, picha zako nimezipata. Hayo maua ya daffodil yamejaa kando ya barabara za Cardiff mpaka nikajiuliza nani anayapalilia. Nimecheka kusikia kwamba wazee unaowauguza waligoma kunywa chai tarehe 1 Machi mpaka kila mmoja abandikwe ua lake kifuani kwa ajili ya Mtakatifu David wao wa Wales. Na hilo la kwamba kule milimani Powys wanayalima ili wapate galantamini, dawa ya wale wanaopoteza kumbukumbu, nimemsomea Mama naye akataka nirudie. Akasema basi Mungu hakuyaumba kwa ajili ya macho tu.

Lakini pale ulipoandika "poleni nyinyi msiokuwa na majira ya kuchipua", dada, hapo nakukatalia. Umeondoka Tororo ukiwa mtu mzima mwenye akili zako, usijifanye umesahau Machi ya huku ilivyo.

Jumamosi mvua ilitushika asubuhi kabla chai haijachemka. Tangu Desemba tulikuwa hatujaona mvua ya maana. Mwamba wetu mkubwa wa Tororo ukatoweka wote ndani ya wingu, kisha zikaanza ngurumo, zile zetu. Sijui huko mnazo? Hapa wataalamu wa hali ya hewa waliwahi kuhesabu, kati ya 1967 na 1976, wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, na mji wetu mdogo ukaingia vitabuni kwa hilo na kwa saruji. Umeme ukakatika papo hapo.

Bomba la tangi nilikuwa nimelichomoa mapema. Maji ya kwanza hatuyanywi, unajua mwenyewe: yalishuka ya kijivu, vumbi la kiangazi kizima na mavi ya ndege, mpaka ua wote ukawa na tope la saruji. Yalipoanza kutakata ndipo kijana akalirudisha bomba, akiwa barazani.

Nikasema siku hii siipotezi. Kutoka siwezi, kufua siwezi, sokoni hakuna mtu. Nikatoa sanduku la vyombo vya marehemu Baba.

Tatizo la kwanza lilijileta lenyewe. Tone likaanza kudondoka katikati ya chumba cha wageni, juu ya kitanda utakacholalia Agosti, Mungu akipenda. Nikaweka beseni. Bahati nzuri yule mzee fundi, jirani yetu wa nyuma, alikuwa amekuja kujikinga barazani. Akaingia, akatazama juu, akaniambia tundu haliko hapo. Maji yakipenya kwenye msumari hayadondoki palepale, hutambaa juu ya pao yakifuata mteremko, na yanapokuta kifundo au kiungo cha mbao ndipo yanapoachia. Tukafungua kile kifuniko cha dari, nikapanda kwenye meza na tochi, na kweli: alama ya maji ilianzia karibu na ukuta, mbali kabisa na beseni langu. Sababu yenyewe ni ndogo. Bati hutanuka kwa jua na kusinyaa likipigwa na mvua, kila siku, mwaka hadi mwaka, mpaka msumari unalegea; na kile kipira cha chini ya kichwa chake hukauka na kupasuka. Nikapiga alama ya chaki kwenye pao. Juu ya bati hakupanda mtu siku ile, radi si za kufanyia mchezo. Alipanda Jumatatu jua lilipotoka, akang'oa misumari mibovu, akapigilia mingine minene zaidi yenye vipira vipya, na kuziba matundu ya zamani kwa lami.

Huku ngurumo zikiendelea tukahamia kwenye milango. Mlango wa jikoni umefura, haufungi mpaka uupige teke, na watoto wameshapenda hilo teke. Nilitaka tuupunguze sana tumalizane nao. Mzee akakataa katakata. Mbao hunywa unyevu na kunenepa upande wa upana wake, si wa urefu, na Januari itakonda tena. Ukiupunguza sana leo, kiangazi utaona nje kupitia ubavuni. Basi tukaung'oa kwenye bawaba, akapiga randa kidogo kidogo upande wa kitasa, tukaujaribu, akapiga tena. Halafu akaugeuza juu chini, akanionyesha kitu ambacho mafundi wengi hawakifanyi: ukingo wa chini haujawahi kupakwa rangi tangu mlango ulipotengenezwa. Maji huingilia hapo. Mvuke wa jiko nao huingilia hapo. Tukaukausha kwa jiko la makaa lililowekwa mbali, tukaupaka rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo, tukauegemeza ukutani mpaka kesho yake. Usiku ule tulilala na pazia la khanga mlango wa jikoni, na paka wa jirani akapata sherehe.

Maranda nimeyaweka kwenye gunia, yanawasha jiko haraka kuliko karatasi.

Ukuta wa sebuleni sikuugusa sana. Ule unga mweupe unaotoka chini ya rangi ni chumvi ya ndani ya lipu inayosukumwa nje na maji. Niliupiga brashi kavu tu. Ukiuosha unairudisha chumvi ndani. Na kupaka rangi juu ya ukuta ulioloa ni kutupa pesa, itabanduka kabla ya Eid. Nitangoja ukauke, kisha nitapaka chokaa, maana chokaa inaacha ukuta upumue, na kwetu Tororo chokaa haijawahi kuwa ghali.

Saa kumi hivi mvua ikapungua, nikatoka nje na gamubuti. Sasa nisikilize.

Kando ya njia ya chooni, pale unapopajua, yale maua madogo ya pinki ambayo Mama anayaita ya mvua yalikuwa bado yamelala. Jumatano yalisimama yote pamoja. Hayaendi kwa kalenda: yanangoja kiangazi kikavu halafu maji mengi kwa ghafla, na siku chache baadaye njia nzima ni pinki. Na chini ya mwembe, kwenye kivuli, limetoka lile ua jekundu la duara. Unalikumbuka? Linachomoka ardhini lenyewe, shina nene lenye madoa, juu yake vijiua vyembamba hata zaidi ya mia vimejipanga mviringo. Majani yanafuata baadaye, kwa nafasi yake. Jana lilikuwa moja, leo yako matano, na watoto nimewaambia wasiguse.

Nimewakataza kwa sababu kitunguu chake kina sumu. Na hapa ndipo nilipotaka kukufikisha, dada: hilo ua jekundu, haya ya pinki, na daffodil zako za Cardiff ni ukoo mmoja. Wote wanakaa ndani ya kitunguu chini ya ardhi wakingoja, na wote wana sumu. Hata hizo daffodil, usimwache mpishi wenu achanganye vitunguu vyake na vya mchuzi. Tofauti ni wanachongojea. Wa kwenu wanangoja baridi iishe, wa kwetu wanangoja kiangazi kivunjike. Kwa hiyo usinipe pole.

Kwa sababu hiyohiyo, asante, lakini usiniletee vile vitunguu ulivyosema. Daffodil isipopata wiki kadhaa za baridi kali haitoi ua, na hapa baridi hiyo utaipata kwenye friji tu, friji yenyewe inategemea umeme ambao nimeshakueleza habari zake. Zaidi ya hapo utaombwa karatasi za ukaguzi wa mimea uwanja wa Entebbe, na mimi nakutaka nyumbani mapema, si umekwama na mfuko wa vitunguu mbele ya ofisa.

Kumbikumbi wametoka usiku wa Jumapili. Tuliweka karabai juu ya beseni la maji, watoto hawakulala, na Mama amekukaushia kopo moja. Anasema ukichelewa kuja atalila.

Kama una nafasi kwenye mzigo, niletee brashi mbili nzuri za rangi, upana wa inchi tatu, zile zisizoacha nywele ukutani. Za hapa dukani nimezichoka. Na uniambie chumba chako nikipake rangi gani, maana chokaa nyeupe uliilalamikia mara ya mwisho kwamba inakuharibia nguo, na nisipopata jibu kabla ya mwisho wa mwezi nitachagua mwenyewe.

Mama anakusalimu, watoto wanakusalimu, mzee fundi naye anauliza kama huko Wales mabati yapo.

Wasalaam,
Rehema