Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Vichekesho wa BBC: Wafungie Mlango

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi vya Vichekesho,
Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC),
London.

YAH: VIPINDI MAALUMU VYA KRISMASI

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu shirika lako linatangaza kwa lugha hii tangu mwaka 1957, na kwa hiyo naamini hutakosa mtu wa kukufasiria. Mimi ni mlipa ada ya televisheni, mzaliwa wa Unguja na mkazi wa Coventry kwa miaka mingi. Ni Muislamu, na Krismasi haikuwa sikukuu ya nyumbani kwetu; hata hivyo, kila ifikapo jioni ya tarehe 25 Desemba, familia yangu huketi mbele ya televisheni kama majirani zetu wote, nami nina jambo moja la kukuomba kuhusu vichekesho mnavyotuwekea jioni hiyo.

Niruhusu nianze na hali ya siku yenyewe, maana kuna mambo ambayo mwenyeji ameshayazoea kiasi cha kutoyaona. Siku ya Krismasi karibu treni zote za nchi hii hazitembei, mabasi ni ya kuhesabika, na sheria ya mwaka 2004 inayakataza maduka makubwa ya England na Wales, yaani yanayozidi mita za mraba 280, kufungua milango. Kwetu Idd ni siku ya kutoka: watu huvaa, hutembeleana, na watoto huenda Mnazi Mmoja na vijisenti vyao. Krismasi ya Waingereza ni siku ya kufungiwa ndani, tena pamoja na watu ambao mtu hakuwachagua. Vichekesho vyenu vya televisheni navyo, vile vilivyo bora, vimejengwa juu ya watu walionaswa mahali pamoja na wasioweza kuondokeana. Sikukuu hiyo inapoangukia kichekesho cha namna hiyo, mtazamaji aliyefungiwa humtazama mhusika aliyefungiwa, na hicho, kwa maoni yangu, ndicho kinachokifanya kipindi kifaulu. Theluji, nyimbo na wageni mashuhuri ni mapambo tu.

Ushahidi mfupi kuliko wote ni Porridge, kichekesho chenu ambacho wahusika wake ni wafungwa gerezani. Toleo lake la tarehe 24 Desemba 1975 liliitwa No Way Out, maana yake hakuna njia ya kutokea, na sioni haja ya kuongeza neno.

Kichekesho kingine chenu, The Good Life, katika toleo la tarehe 26 Desemba 1977, kina fundisho lenye kina zaidi. Margo, aliyeigizwa na Penelope Keith, anaukataa mti wa Krismasi kwa sababu ni mfupi kuliko alioagiza. Na kwa kuwa mti, vyakula na vinywaji vimeletwa pamoja, Krismasi nzima inarudishwa dukani. Mwanamke mwenye nyumba ya fahari anabaki hana kitu, na inambidi yeye na mumewe wahamie kwa jirani, kwa Tom na Barbara, ambao waliacha maisha ya mshahara ili walime uani mwao na ambao sikukuu yao imetengenezwa kwa mikono, hadi kofia za mezani zilizokunjwa kwa magazeti. Waandishi, John Esmonde na Bob Larbey, hawakuwaongezea wahusika Krismasi, waliwanyang'anya. Baada ya kunyang'anywa, Margo hana pa kujificha, na kwa mara moja tunamwona akicheka kama mtoto.

Mfano mkubwa kuliko yote unaujua. Tarehe 29 Desemba 1996 watu milioni 24.3 walitazama sehemu ya tatu na ya mwisho ya Only Fools and Horses ya Krismasi ile, kichekesho cha Del na Rodney, ndugu wawili wachuuzi wa London wanaoota utajiri, idadi ambayo hakuna kichekesho kingine cha aina hiyo kilichoifikia nchini humu. Nakubali kwamba chaneli za bure zilikuwa nne tu na ya tano ilianza Machi 1997. Lakini uhaba wa chaneli haumlazimishi mtu kucheka. Wengi huikumbuka zaidi sehemu ya kwanza, ya tarehe 25, pale Del na Rodney wanapotokea kwenye ukungu wakikimbia katika mavazi ya Batman na Robin, na hudhani kwamba kinachochekesha ni mavazi. Gari lao limeharibika, wamechelewa sherehe ya kuvalia mavazi ya kuigiza, na wanapofika wanakuta mwenye nyumba amefariki na waliomo ndani wako msibani. Yeyote aliyewahi kuingia matangani na nguo za harusi ataelewa kicheko kilikotoka.

Mimi naipenda zaidi sehemu ya tatu. Raquel, mwenzake Del, anawaalika wazazi wake katika ile fleti yao ya Peckham, kusini mwa London. Mjomba Albert, mzee anayeishi nao, anakosea kati ya kahawa na unga wa mchuzi, na mlo uliokusudiwa kuwapendeza wakwe unaharibika. Lakini baba yake Raquel ni mfanyabiashara wa vitu vya kale, na kwa kuwa alikuja kula chakula kile kibaya, ndiye anayeiona katika gereji, katikati ya takataka, saa iliyotengenezwa na John Harrison karne ya 18, ambayo baadaye inauzwa kwa pauni milioni 6.2. Mali waliyoitafuta tangu kichekesho kianze mwaka 1981 ilikuwa kwao muda wote. Halafu Del, tajiri sasa, anarudi peke yake kwenye fleti tupu na kuzisikia sauti za zamani za waliokaa humo. Sauti zile hazikununuliwa kwa bajeti ya msimu mmoja. Mwandishi, John Sullivan, alikuwa ameziweka akiba kwa miaka 15. (Kuwarudisha mwaka 2001 wakiwa wamefilisika lilikuwa kosa, ingawa nakiri kwamba nami niliketi nikatazama.)

Utaniambia kwamba Del na Rodney walitolewa nje mara nyingi. Kweli, lakini angalia tofauti. Mwaka 1989 walikwenda Margate na wanaume wenzao wa baa, basi likalipuka, treni zikawa zimegoma, na wote wakanaswa huko: mlango ukafungwa hata ufukweni. Mwaka 1991 walipelekwa Miami, ambako kulikuwa na jua, mamba na majambazi, na kila mtu alikuwa na pa kukimbilia. Nilicheka mara chache sana.

Ninachoomba basi ni hiki. Mnapompa mwandishi saa nzima badala ya nusu saa, mwombeni asiitumie barabarani wala uwanja wa ndege. Ile nusu saa ya ziada ni ya ukimya. Katika toleo la Krismasi la The Royle Family la mwaka 1999, Denise anashikwa na uchungu wa kuzaa, na Jim, baba ambaye kazi yake ni kukaa kitini na kuwatukana watu, anaketi naye sakafuni bafuni na kumfariji. Hakuna mgeni mashuhuri, hakuna theluji. Kuna baba, binti na sakafu. Kadhalika msikipe toleo maalumu kichekesho ambacho hakijaishi na watu. Gavin & Stacey ilipowakusanya watazamaji milioni 12.3 usiku wa Krismasi ya 2024, ilikuwa ikitumia mazoea na watazamaji iliyoyaanza mwaka 2007.

Tarehe 25 Desemba ijayo hakutakuwa na treni ya kunitoa Coventry. Mama mkwe wangu atakuwa amekalia kiti changu, biriani itakuwa imeshaliwa, na watoto watakuwa wanagombea rimoti. Tafadhali tuwekee watu walio katika hali hiyohiyo.

Wako katika kuheshimu,

Mlipa ada,
Coventry.