Farasi Wako Alivuka Mstari wa Kwanza, na Bado Hatukukulipa: Viunzi Si Flati

Jumamosi iliyopita mzee mmoja, mteja wetu wa miaka mingi, alitoka kwenye duka letu la kubeti akawaambia vijana wa bodaboda pale nje kwamba sisi ni wezi. Tiketi aliinyanyua juu kila mtu aione: farasi namba 6, shilingi 500, odi 4.50 (yaani kila shilingi hulipa 4.50 farasi akishinda), mbio za kuruka viunzi kutoka Uingereza. Na alichokiona kwenye skrini alikiona kweli. Namba 6 alivuka mstari mbele ya wenzake wote, masikio yamesimama, hatamu zinaning'inia.

Mgongoni hakuwa na mtu. Joki, yaani mpanda farasi, alikuwa ameangushwa kwenye kiunzi cha pili kutoka mwisho, na sisi tuliokuwa kaunta tulimwona akiinuka na kujipangusa nyasi kabla farasi wake hajamaliza.

Mzee huyu namheshimu sana. Farasi alijifunzia Nairobi, kwenye uwanja wa Ngong uliofunguliwa mwaka 1954, na huko alizoea flati, mbio zisizo na kitu cha kuruka: geti linafunguka, farasi wanatimka, anayetangulia ndiye. Kwa hiyo kuuliza alikuwa na haki ya kuuliza. Kinachoniuma ni neno "wezi", na kwamba nalisikia kila mwaka Novemba ikifika, pale Uingereza na Ireland zinapoingia baridi na viunzi vikajaa kwenye skrini zetu. Mwaka huu nimeamua kuandika, ili nisieleze mbele ya kaunta huku foleni ikipiga kelele.

Nianze na la mzee. Mbio za farasi ni mbio za kubeba uzito. Kila farasi amepangiwa uzito wake, na joki hupimwa kwenye mizani pamoja na tandiko kabla ya kutoka. Akiwa mwepesi, anaongezewa vipande vya madini ya risasi mpaka uzito utimie. Akirudi anapimwa tena, na matokeo hayathibitishwi mpaka mizani iseme sawa. Farasi aliyemwaga joki hajabeba kitu, ndiyo maana anawapita wenzake kama upepo. Kuna wanaoniuliza mbona joki asirukie tena mgongoni aendelee. Zamani waliruhusiwa, lakini Uingereza walipiga marufuku mwaka 2009. Kwa hiyo joki akigusa chini, tiketi imekufa hapo hapo, na pesa hairudi. Timu yako ikila kadi nyekundu dakika ya 5, kuna duka linalokurudishia?

Sisi Wakenya tungepaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine. Mita 3,000 kuruka viunzi na maji tulizifanya mali yetu kwa miaka mingi tangu Amos Biwott alipoleta dhahabu ya Olimpiki kutoka Mexico mwaka 1968. Mbio zile, pamoja na lile dimbwi la maji, asili yake ni farasi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1752 mabwana wawili wa Kaunti ya Cork, Ireland, walishindana kutoka kanisa la Buttevant hadi kanisa la Doneraile, wakiufuata mnara wa kanisa kwa macho na kuruka kila ua na kila mtaro uliokatiza njia. Jina la Kiingereza la mbio hizi, steeplechase, lina ule mnara (steeple) ndani yake hadi leo.

Viunzi vyenyewe viko vya aina mbili, na keshia wetu akikuuliza "vidogo au vikubwa?" hakupotezei wakati. Vidogo vina kimo cha futi 3 na nusu kwenda juu, ni vipande vya uzio uliosukwa matawi, na farasi akivigonga vinalala. Vikubwa huanzia futi 4 na nusu, vimeshindiliwa matawi, na havimsamehei anayekosea hatua. Farasi hodari wa vidogo anaweza kuwa mgeni kabisa kwenye vikubwa. Mbio fupi za viunzi ni kama maili 2, na Grand National pale Aintree, Liverpool, inapita maili 4 na ina kuruka mara 30. Flati fupi ni falongi 5, yaani kama mita 1,000, na ndani ya dakika moja hivi kila kitu kimeisha.

Sasa njooni kwenye karatasi ya mbio, ile tunayoiuza shilingi 50 na ambayo watu wananiambia ni ghali. Kijana mmoja hupiga picha karatasi ya mwenzake kwa simu, mara nyingi ya jana yake, akaja kaunta na namba. Mara ya mwisho alicheza namba ya farasi wa uwanja mwingine kabisa. Shilingi 50 aliziokoa, 2,000 zikaenda.

Kwenye karatasi, kando ya jina la farasi, utaona msururu kama huu: 1F2P-31. Usome kutoka kushoto, mbio za zamani, kuelekea kulia, mbio za karibuni. Kistari kinatenganisha msimu uliopita na huu. Huyu msimu huu ameshika nafasi ya 3, kisha ameshinda. Ukiishia hapo utamtupia mshahara wote. Rudi nyuma ya kistari: alishinda, halafu F, maana yake alianguka, akawa wa 2, halafu P, maana yake joki alimsimamisha njiani kwa sababu hana tena nguvu au kuna kitu kimeenda kombo. U ni kumwaga joki, B ni kuangushwa na farasi mwingine aliyeanguka mbele yake, R ni kugoma kuruka. Mimi nikiona B simlaumu farasi. Nikiona F mbili kwa mbio nne, nauliza zilikuwa kwenye viunzi vidogo au vikubwa. Herufi hizi kwenye flati huzioni ila kwa nadra, na ndiyo sababu mtu wa flati anazipita kama doa la wino.

Sisemi flati ni rahisi, maana nayo ina mitego yake. Farasi wengi wana miaka 2 au 3, na huyo wa miaka 2 anayekimbia kwa mara ya kwanza karatasi haina la kukuambia. Tena kuna namba ya geti, ambayo watu huichanganya na namba ya mgongoni. Chester ni uwanja mdogo wa mviringo, kona haziishi, na kwenye mbio fupi aliyetoka geti la ndani ana njia fupi kuliko aliyetupwa nje. Viunzi havina mageti hayo, wanaondoka kwenye kamba. Lakini farasi wa viunzi anakaa kazini miaka mingi, kwa hiyo historia yake ni ndefu na inasomeka. Red Rum alishinda Grand National mwaka 1973, 1974, na tena 1977 akiwa na miaka 12.

Njia ya mkato inayowagharimu wateja wangu kuliko zote ni mkeka wa odi ndogo, yaani tiketi moja ya farasi kadhaa ambayo hulipa wote wakishinda tu. Mtu anaingia haraka, hataki karatasi: "Nifungie wote wa odi ndogo, watano." Hii ni tabia ya mpira. Chukua farasi watano, kila mmoja odi 1.50. Ukizidisha unapata odi 7.59, inapendeza. Lakini odi 1.50 maana yake farasi anatazamiwa kushinda mara 2 katika 3, tena hapo nimekupa bure faida ya duka. Zidisha hiyo mara tano: wote watano watafika kama mara 13 katika 100. Na kila mmoja wao ana viunzi vinane au zaidi vya kuvuka.

Machi 2015, siku ya kwanza ya Cheltenham, tamasha kubwa la viunzi la Uingereza, nusu ya duka walikuwa na mkeka mmoja: Douvan, Un De Sceaux, Faugheen, Annie Power. Farasi wanne wa mwalimu mmoja wa farasi, Willie Mullins, na joki mmoja, Ruby Walsh. Watatu wa kwanza wakashinda. Annie Power akafika kiunzi cha mwisho akiongoza, watu wameshaanza kukumbatiana, akaanguka. Mabukmeka, yaani wenye maduka ya kubeti, wa Uingereza waliokoa mamilioni ya pauni siku hiyo. Hapa kwetu kulikuwa kimya hadi feni ikasikika, na mama mmoja aliyekuja kumfuata mumewe akauliza nani amekufa.

Wengine walisema ni bahati mbaya, haitatokea tena. Tarehe 13 Machi 2020, siku ile ile Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa corona, farasi Goshen alikuwa amewaacha wenzake mbali sana kwenye kiunzi cha mwisho cha Triumph Hurdle, mbio za Cheltenham hiyo hiyo. Akakosea, akamwaga joki Jamie Moore, Burning Victory akapita kushinda. Ilionekana kwamba viatu vya miguu yake, wa mbele na wa nyuma, vilikuwa vimenasana. Nani angekiandika hicho kwenye karatasi? Ndiyo maana nasema beti za viunzi zifungwe moja moja. Nikikushauri hivyo napoteza, kwa sababu duka lolote hupata zaidi kwenye mikeka. Nakushauri hata hivyo.

Lalamiko la pili ni "mmenikata". Kijana alibeti shilingi 1,000 asubuhi, odi 5.00. Mchana farasi wa odi 2.00 katika mbio zile zile akatolewa, kwa sababu ardhi ilikuwa imeloa kupita kiasi. Farasi wa kijana akashinda. Alitarajia 5,000, tukampa 3,200. Hesabu ni hii: faida yake ilikuwa 4,000, na kwa farasi wa odi 2.00 kutolewa, kanuni wanayoifuata mabukmeka wa Uingereza inakata asilimia 45 ya faida, yaani 1,800. Zinabaki 2,200, pamoja na 1,000 zake ambazo hazikatwi. Ile odi 5.00 iliwekwa wakati adui mkubwa yumo. Ametoka, kazi imekuwa nyepesi, na bei ya kazi nyepesi si ile. Msimu wa viunzi hili hutokea mara kwa mara kwa sababu ya matope na barafu. Ukitaka kuliepuka, subiri mpaka karibu na kuanza, ucheze kwa bei iliyopangwa baada ya kujulikana nani yumo.

La tatu nalikubali, kwa sehemu lilikuwa kosa letu. Dada anayeuza mitumba Kongowea aliweka shilingi 1,000 za ushindi na nafasi, yaani 500 ashinde na 500 awemo kwenye nafasi, odi 11.00. Farasi walikuwa 8, na wakiwa 8 mbio za kawaida hulipa nafasi tatu kwa moja ya tano ya odi. Farasi wake akawa wa 3. Kwa hesabu hiyo angepata 1,500: odi 11.00 ukitoa dau inabaki 10, moja ya tano yake ni 2, mara 500 ni 1,000, pamoja na 500 zake. Lakini asubuhi mmoja alitolewa wakabaki 7, na wakiwa 7 nafasi zinazolipwa ni mbili. Akapata sufuri. Tulikuwa tumeandika ubaoni, ila yeye alikuja usiku wa kuamkia siku ile na ubao hakuuona. Tangu hapo keshia anapoona farasi ni 8 kamili, humwambia mteja kwa mdomo kabla ya kuchapa tiketi. Kama hakukuambia, nipigie kelele mimi.

Kuna pia farasi wanaomaliza sare. Farasi wawili wakifika pamoja hata kamera isiwatenganishe, nusu ya dau lako inalipwa kwa odi kamili na nusu inapotea: shilingi 1,000 kwa odi 4.00 inakuwa 2,000. Hilo si la kwetu tu. Red Rum yule yule, mbio zake za kwanza kabisa mwaka 1967 zilikuwa flati ya falongi 5 pale pale Aintree, na alimaliza sare.

Na bei zetu. Naambiwa odi za kwenye simu ni nzuri kuliko zangu. Pengine ni kweli siku nyingine. Chukua mbio za farasi watatu: 2.50, 2.50 na 3.50. Gawa 100 kwa kila odi: 40, 40, na 28 na ushee. Jumla 108 na ushee, ilhali bila faida ya duka ingekuwa 100. Ile nane ya juu ndiyo kodi ya nyumba, leseni, malipo ya picha za setilaiti, jenereta, na mshahara wa mtu anayekaa hapo hadi usiku kukueleza tiketi yako. Simu haikuelezi, inakata na kunyamaza. Kwetu utaona hesabu imeandikwa kwa kalamu nyuma ya tiketi, kila makato na sababu yake. Na mtu akija na pesa ya karo au akiwa hajafika miaka 18, hatuchapi, hata akinitukana.

Kuanzia Jumamosi hii, saa nane mchana kabla ya mbio ya kwanza, nitakuwa mbele ya skrini mwenyewe nikiisoma karatasi farasi mmoja mmoja, herufi kwa herufi. Ni bure, na karatasi utakayoshika wakati huo pia ni bure. Mzee wangu, marudio ya mbio zako nimeyahifadhi. Kiti chako karibu na feni kipo, uje tuitazame pamoja polepole, kiunzi cha pili kutoka mwisho.