Kete za bao hutii, askari wa Napoleon hawatii

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua. Wiki mbili zilizopita msomaji mmoja aliwasema humu wazee tulioko ng'ambo kwamba tumerudia utoto, tunachezea visanamu vya plastiki wakati wenzetu wanajenga nyumbani. Mjukuu wangu aliupiga picha ukurasa ule akanitumia kwa simu, bila neno, vicheko sita tu. Nikajua ananicheka mimi. Ni mzaliwa wa Tanga, dereva wa basi mstaafu hapa Leeds, umri miaka 67, na kila Alhamisi jioni napanga visanamu vya askari wa Napoleon, yule mfalme wa Wafaransa, juu ya meza. Nyumba Tanga ninayo, paa limeshaezekwa. Hilo tuliache.

Ninachotaka ni kuueleza mchezo wenyewe, maana ndugu yangu yule aliuhukumu kabla ya kuuona. Kanuni tunazotumia zinaitwa Black Powder, yaani baruti nyeusi, kitabu cha Rick Priestley na Jervis Johnson kilichotoka mwaka 2009. Tangu Januari nimezicheza mara saba. Mara nne za kwanza nilirudi nyumbani nimenuna.

Tatizo ni kwamba mimi nimelelewa kwenye bao. Babu yangu, barazani kwetu Ngamiani, akishakaa mbele ya yale mashimo 32 alikuwa hasemi na mtu. Kete 64 zote zi wazi, bahati haina kiti pale, ukifungwa umefungwa na akili ya mwenzio. Na kete ukiitoa shimoni inakwenda, haikuulizi kwa nini.

Sasa nikakalishwa kwenye meza ambayo kila amri lazima uitamke kwa sauti kwanza: batalioni hizi mbili zivuke kijito, zilishike lile shamba. Ukishatamka ndipo unarusha dado mbili. Kamanda wa kawaida ana alama 8. Dado zikitoa 9 au zaidi, hakuna anayeinua mguu, na kamanda huyo hana ruhusa ya kutoa amri nyingine mpaka zamu ijayo. Zikitoa 8 au 7, wanasogea hatua moja. Zikitoa 6, hatua mbili. Zikitoa 5 kushuka chini, hatua tatu. Nilipiga hesabu nyuma ya risiti ya duka: mara 10 katika 36 unazungumza na sikio la kufa. Mtu mzima nimekaa siku tisa napaka rangi batalioni moja, makoti ya bluu, vifungo kimoja kimoja, halafu wanasimama wananitazama! Nikamwambia mke wangu huu si mchezo wa akili, ni kamari isiyo na pesa.

Mchezo wa tano ndio ulionigeuza. Tulicheza Quatre Bras, vita vya huko Ubelgiji vya tarehe 16 Juni 1815, siku mbili kabla ya Waterloo, pale Napoleon aliposhindwa kabisa. Mimi nilikuwa Marshali Ney, kamanda wa Napoleon. Upande wa Wellington, jenerali wa Waingereza, alikaa mzee mmoja aliyekuwa tarishi wa posta, mtu wa maneno machache sana. Askari wangu wa farasi niliwaamuru zamu tatu mfululizo, hawakutikisika. Zamu ya nne dado zikaangukia sita na sita, ambayo katika kanuni hizi ni balaa: amri imeeleweka kinyume, na dado nyingine ndiyo inayoamua waelekee wapi. Wakapinda kushoto, moja kwa moja kwenye ukingo wa msitu wa Bossu, mahali ambapo farasi hana kazi.

Niliziweka dado mezani kwa kishindo. Yule mzee akaniuliza, “D'Erlon je?”

Nilikuwa nimesoma habari za d'Erlon, sikuwahi kuziunganisha. Siku ileile ya vita vya kweli, d'Erlon, jenerali mwingine wa Napoleon, alikuwa njiani kwenda kumsaidia Ney akiwa na watu kama 20,000. Ikaja amri kwamba ageuke aende Ligny, ambako Napoleon mwenyewe alikuwa akipigana na jeshi la Prussia, dola ya Wajerumani, chini ya Blücher. Akageuka. Karibu wafike, Ney akawaita warudi kwa hasira. Wakarudi. Giza likaingia, na watu wale wote walikuwa wameshinda wakitembea baina ya vita viwili bila kupigana kwa maana katika hata kimoja. Na hapo hapakuwa na dado, palikuwa na vikaratasi na watu waliopanda farasi kuvipeleka.

Tangu jioni ile nacheza kwa namna nyingine. Amri iliyo muhimu naitoa ya kwanza, kabla kamanda wangu hajafungwa mdomo. Jenerali namsogeza karibu na watu wake, kwa sababu umbali unampunguzia alama. Na mpango wangu haupiti vitu viwili kwa zamu. Bao halikunifundisha hayo, kwa kuwa baoni hakuna wa kukukatalia.

Kasoro zipo, tena nyingine zinaudhi. Askari wa miguu hatua yao moja ni inchi 12, kwa hiyo dado zikikupenda wanaruka inchi 36 kwa zamu moja. Meza yetu ina upana wa futi nne! Batalioni iliyokuwa inajificha nyuma ya ua inakutokea puani. Tumekata vipimo vyote kwa theluthi moja na sasa panapumulika. La pili ni hesabu ya majeruhi. Visanamu haviondolewi kimoja kimoja, unaweka alama tu, na alama tatu zinatosha kuifanya batalioni iwe hoi. Zikizidi tatu, unapima moyo wao kwa dado. Wakisimama imara, zile za ziada zinatupwa. Yaani waliopigwa mara saba na waliopigwa mara tatu wanalala hali moja. Nimeelezwa sababu yake mara mbili, bado sijakubali.

Na kuna jioni ambazo mtu amepanda basi saa nzima kuja kuongoza ubavu mmoja, dado zinamkataa hadi tunakunja meza. Huyo tumekubaliana arushe upya mara moja kwa mchezo. Kitabu chenyewe hakina ukali, kinawaruhusu wachezaji kurekebisha.

Ndugu yangu wa barua ile nimkumbushe pia kwamba maofisa wa Prussia walifundishwa vita kwa mchezo wa mezani wa ofisa mwenzao, Reisswitz, kuanzia mwaka 1824, na hakuna aliyewaambia wamerudia utoto. Akipita Leeds, kiti kipo, chai ipo.

Alama zangu za majeruhi, Mhariri, ni komwe za bao la marehemu babu. Nne zimepotelea nyuma ya kabati la ukumbi tunamochezea. Kama kuna msomaji wa Tanga anayesafiri kuja huku mwezi wa Agosti, namwomba kiganja kimoja tu.

Dereva mstaafu,
Leeds, Uingereza